Shahada ya Biashara na Deni Lake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana wa Buyenzi, mjini Bujumbura, baada ya sala ya Isha)

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.



Wakuu wa Jumuiya waliponitaka niseme machache katika siku hii ya ukumbusho, waliniachia nichague mwenyewe la kusema. Nalikuwa nimeazimia kusema juu ya malezi, kama ilivyo ada yetu sisi masheikh. Lakini juma lililopita, baada ya Magharibi, alinijia baba mmoja wa mtaa huu, fundi wa magari, ameshika karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya chuo kikuu kimoja cha binafsi cha hapa mjini, ikieleza kwamba kijana wake amekubaliwa kusomea shahada ya biashara kwa miaka 3. Ya pili ilikuwa fomu ya mkopo. Chini yake paliachwa mahali pa sahihi ya mdhamini, na juu yake yalitajwa makaratasi ya nyumba anayokaa. Akaniuliza neno moja tu: "Sheikh, nitie sahihi?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe siku saba. Nadhani yeye alifikiri nakwenda kufungua vitabu vya fiqhi, na kwa hakika nilivifungua. Lakini sababu kubwa ya kunyamaza kwangu ni kwamba mimi mwenyewe ni mdeni kwa ajili ya shahada ya namna hiyo hiyo, na sikutaka uchungu wangu umjibu badala yangu.

Kwanza, asitoke mtu hapa akaseme kwamba sheikh amewakataza watoto wa Kiislamu kusoma. Neno hilo limekwisha kutugharimu sana. Zama za Wabelgiji shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa mamisheni, na babu zetu, kwa kuihofia dini ya watoto wao, wakawazuia nyumbani au wakawapeleka vyuoni wasome Kurani peke yake. Hofu yao ilikuwa na sababu, wala siwalaumu. Lakini matokeo yake twayajua: nchi ilipopata uhuru mwaka 1962, watu wa kwetu walikuwa madereva, mafundi, washonaji na wachuuzi, na maofisini walikuwa wachache mno. Mimi nami nilikomea shule ya msingi, kisha nikakaa mbele ya masheikh. Najua jinsi ilivyo kusimama na karatasi ya Kifaransa mkononi, huku ukimtafuta mtoto wa jirani akusomee.

Kwa ajili ya unyonge huo wa zamani, siku hizi tumekimbilia upande wa pili. Mzazi akisikia neno "chuo kikuu" haulizi tena ni masomo gani, wala ni fedha za nani. Na mwenye kuuliza huambiwa ni adui wa elimu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mimi.

Mwanangu wa kwanza wa kiume alipomaliza sekondari, alichagua usimamizi wa biashara. Nilipomwuliza sababu, alisema wenzake wengi wamechagua hiyo. Jibu lile lingetosha kunizindua, lakini sikuzinduka. Nilikuwa na kiwanja kidogo nilichoachiwa na marehemu baba, nikakiuza. Fedha ya kiwanja ilipokwisha kabla ya masomo kwisha, nikakopa kwa rafiki yangu mmoja, muuza mawese, ambaye tulisoma naye chuo kimoja utotoni. Alinipa mara tatu, na mara zote nje ya msikiti, mkono kwa mkono, bila karatasi wala shahidi. Nilipomwambia tuandike, alicheka akasema: "Wewe sheikh wetu, nikuandike kama nani?" Nami nikaona fahari kuaminiwa, nikaliacha neno lile.

Kijana akahitimu. Tukapika pilau, akavaa joho, tukapiga picha, na picha ile hadi leo imetundikwa sebuleni. Kisha ikaanza safari ya bahasha. Kila tangazo la kazi lilitaka mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka mitatu au mitano, wala hapana aliyemwambia miaka hiyo ataipatia wapi. Alipeleka barua kwenye mabenki, makampuni ya bima, mashirika ya misaada. Ukapita mwaka, ukaingia wa pili.

Katika mwaka huo wa pili rafiki yangu yule alifariki ghafla, Mungu amrehemu. Siku ya tatu ya matanga tulikaa na mjane na watoto, wakihesabu nani aliyemdai marehemu na nani aliyedaiwa naye. Jina langu halikutajwa. Hapakuwa na mtu aliyejua ila mimi na Mola wangu. Ndugu zangu, nawaambia kweli hapa mbele ya mihrabu: nilinyamaza. Nilirudi nyumbani nikalala, au tuseme nikajinyosha kitandani, huku nikijua kwamba nikizidi kunyamaza, deni lile hapa duniani limekwisha. Nalikuwa nikijipa hoja nzuri nzuri. Nilisema moyoni kwamba pengine marehemu alikusudia sadaka, na kwamba pengine alimsamehe mtoto kwa kuwa ni mtafuta elimu. Shetani naye amesoma fiqhi. Alfajiri ilipofika nikaenda kwa mjane kabla jua halijapanda, nikataja kiasi chote, na nikamwambia kwamba sina cha kutoa siku ile. Mtoto wake mkubwa, kijana wa miaka 17, akachana ukurasa wa daftari lake la shule, akaandika, nikatia sahihi. Namlipa mjane yule kila mwezi hadi leo, na deni bado.

Kwa miaka mingi nimefundisha Aya ya deni, ambayo ni Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara. Ni Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, na maneno yake ni juu ya kukopeshana: kwamba deni liandikwe na muda wake utajwe, kwamba wawepo mashahidi, na kwamba watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Nimewahifadhisha watoto Aya hiyo, na asiyeihifadhi nilimrudisha nyuma. Kisha mimi mwenyewe nikakopa bila kalamu.

Nanyi mwaijua hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ya maiti aliyeletwa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ili asaliwe. Mtume akauliza kama ameacha deni. Akaambiwa dinari 3, na hakuacha cha kulipia. Akawaambia masahaba wamsalie wao, hata Abu Qatada alipojitwika deni lile, ndipo naye akasali. Dinari 3 tu! Basi mtu asiseme kwamba deni la ada ni deni tukufu kwa kuwa ni la elimu. Wala tusivuke mpaka kwa upande wa pili tukasema kukopa ni haramu. Mtume mwenyewe alifariki deraa yake ikiwa rehani kwa Yahudi mmoja wa Madina, kwa pishi za shayiri za kulisha nyumba yake. Kukopa kwa haja kumeruhusiwa. Ama riba, hukumu yake haina haja ya hotuba yangu, na mkopo wa fomu ile ya fundi ulikuwa na riba.

Sasa natangulia kwenye hesabu, kwa maana ajabu yake ni hii: tunawapeleka watoto wakasomee biashara, lakini sisi wenyewe hatuifanyii biashara hiyo hesabu. Mwanamke anunuaye mawese Rumonge aje kuyauza hapa mjini hawezi kutoa faranga yake kabla hajajua bei ya kule, bei ya huku, nauli, na mtungi utakaovuja njiani. Ada ya chuo, au minerivali kama tuitavyo, twailipa macho yamefumbwa.

Tuseme, kwa mfano tu, ada ni faranga 1,000,000 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni 3,000,000. Nauli, vitabu, kupiga chapa kitabu cha kumalizia masomo, tuseme 1,000,000. Watu wengi huishia hapo, lakini kijana huyo alikuwa dukani kwa mjomba wake akipata faranga 100,000 kwa mwezi, naye ameziacha. Kwa miezi 36 ni 3,600,000. Jumla imekuwa 7,600,000. Haya, amehitimu, na amepata kazi siku ya pili yake, jambo ambalo ni nadra. Analipwa 250,000, yaani 150,000 zaidi ya zile za dukani. Ili arudishe rasilmali yake yampasa afanye kazi miezi 51, na ziada hiyo yote asiiguse kwa kula wala kwa kuoa. Akingoja kazi miaka 2 kama alivyongoja mwanangu, bila kupata hata zile 100,000, hasara inafika 10,000,000, na miezi inakuwa 67. Hapo riba haijatajwa. Aliyekopa 4,000,000 kwa riba ya 18 katika mia, mwaka mmoja tu wa kungoja kazi umemwongezea 720,000.

Kwa wale wanaowapeleka watoto nje, Kampala au Nairobi au India, kuna jambo jingine. Ada kule hulipwa kwa dola au kwa fedha ya nchi hiyo, na mzazi anachuma faranga. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ilishusha sana thamani ya faranga yetu. Mwenye deni la dola aliamka asubuhi deni lake limenenepa, na yeye hajakopa hata senti moja zaidi. Ndivyo anavyoumia mtu anayechuma kwa fedha moja akadaiwa kwa nyingine.

Wengine watasema, Serikali na itukopeshe. Mwaka 2017 Serikali yetu iligeuza msaada wa wanafunzi wa chuo kikuu ukawa mkopo wa kurudishwa baada ya masomo, na mnakumbuka manung'uniko yaliyokuwapo. Kando ya ziwa hili hili, ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji wanayo Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwaka 2016 sheria ile ilirekebishwa, mwajiri akate 15 katika mia ya mshahara wa aliyekopa. Na mwaka 2021 ikaondolewa nyongeza ya 6 katika mia iliyokuwa ikitiwa juu ya deni kila mwaka. Faida ya mkopo wa namna hiyo ni kwamba mdai wako hakai mlangoni pa mama yako. Hata hivyo ni deni, na masharti yake, kama mlivyoona, hubadilika deni likiwa tayari shingoni.

Mtaniuliza: basi shahada ile ya mwanangu ilikuwa bure? La. Hapa yanipasa niwe mwadilifu. Mama yake anauza vitenge katika soko la Ruvumera. Siku moja, kwa kuchoka kukaa, kijana alichukua daftari la mama yake, akakaa nalo siku mbili. Akatuonyesha kwamba aina mbili za vitenge, zile zilizotoka upesi ambazo mama alizisifu sana, zilikuwa zikituletea hasara. Mama alihesabu bei ya kununulia na bei ya kuuzia, hakuhesabu ushuru, mchukuzi, kodi ya meza, wala vile tulivyowakopesha majirani na hawakulipa. Tukaacha aina zile, na mwaka uliofuata ndio tulioanza kupunguza deni la mjane. Elimu ile ilikuwa na thamani. Lakini kijana huyo huyo alipotumwa Rumonge hakujua kutambua mawese yaliyochanganywa, wakamwuzia takataka kwa bei ya asali. Alicheka mwenyewe aliporudi. Aliniambia: "Baba, nilifundishwa kuongoza kampuni ya watu mia, hawakunifundisha kunusa mtungi."

Kwa hiyo tupambanue. Mtoto akitaka kuwa tabibu, mkunga au mwanasheria, njia yake ni moja. Bila karatasi, sheria inamfungia mlango. Biashara si hivyo. Sokoni hapana mtu anayeulizwa shahada. Anayehitaji shahada ya biashara ni yule atakaye kazi ya benki, ya ukaguzi wa hesabu, ya ofisi za kodi na forodha, au ya mashirika makubwa. Na milango hiyo ni michache, na wanaoiendea ni wengi. Kijana atakaye duka lake mwenyewe anahitaji kujua kushika hesabu, naam, na lugha, na sheria ya kodi. Mambo hayo yaweza kusomwa kwa miezi, kwa fedha kidogo, wala hayahitaji nyumba ya baba yake.

Vijana hunitajia kisa cha Abdurrahman bin Auf, Mungu amwie radhi, alipohamia Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii akampa nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Wanasema: umeona, Sheikh, hakusoma chuo kikuu! Nawajibu kwamba mmesahau jambo moja: Abdurrahman alikuwa mfanyabiashara tangu Makka. Alifika Madina bila mali, lakini alikuwa na ujuzi wa miaka mingi kichwani. Ninyi mwataka kwenda sokoni bila mali na bila ujuzi. Kisa hiki hakimsaidii mvivu wa kusoma kama kisivyomsaidia mpenda joho.

Nirudi kwenye nyumba ya fundi. Wengi wenu mlikuwapo Jumapili ile, tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu letu lilipoteketea. Walikuwamo wafanyabiashara waliokopa benki kununua bidhaa. Bidhaa zikawa majivu, na deni halikuungua. Nilipomkumbusha fundi habari hiyo, alinijibu vizuri: "Lakini shahada haiungui, Sheikh." Ni kweli, haiungui. Lakini pia haiuziki. Mwenye duka akishindwa kulipa huuza meza na mizani, akapunguza deni. Mwenye shahada akishindwa hana cha kuuza, hawezi kuikata nusu akampa mdai wake. Ndiyo sababu benki haikushika shahada ya kijana kuwa rehani, ikashika nyumba. Waliotunga fomu ile ni wasomi wa biashara, nao wanajua kipi kinauzika.

Siku ya saba ilipofika nilimwambia fundi: usitie sahihi. Nyumba anamolala mkeo na watoto wadogo wanne si mali ya kijana mmoja kuiwekea rehani, hata akiwa mwerevu. Alinyamaza sana. Kisha akasema neno lililonichoma: "Sheikh, wewe wako amevaa joho." Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwonyesha karatasi ya daftari la yule yatima, na safu ya malipo yangu iliyoandikwa pembeni, nikamwachia aisome.

Kisha tukamwita kijana mwenyewe, jambo ambalo mimi sikulifanya kwa mwanangu. Tukamwuliza anataka kufanya kazi gani, ya nani, na ni nani anayemjua aliyekwisha kuifanya. Kazi ya benki hakuitaka. Alitaka kuuza vipuri vya magari, na amezaliwa juu ya vipuri! Tulimpeleka kwa muuza vipuri mmoja amtumikie kwa mwaka, na jioni ajifunze uhasibu. Baba yake bado hajanichekea vizuri. Huenda nimekosea, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Na kwangu mimi ni hivi. Binti yangu naye amekubaliwa mwaka huu, uhasibu. Yeye ndiye anayeshika daftari la vitenge tangu kaka yake apate kibarua katika ghala moja la mjini. Hakutaka kuacha meza ya mama yake. Ameandikishwa masomo ya jioni, na analipa muhula kwa muhula kwa fedha anayoichuma. Muhula wa kwanza ulimpungukia. Ilibidi akope, na aliyemkopesha ni kaka yake, bila riba, hadi mwezi wa Shaaban. Waliandika. Mashahidi ni mimi na mama yao, na karatasi iko katika kabati, chini ya ile ya mjane.

Wazazi wenye barua za vyuo mikononi na waje nazo Jumamosi baada ya Alasiri, pamoja na watoto wao. Mwanangu atakuwapo na kalamu kufanya hesabu, nami nitakuwapo. Yeyote aliyetoa au kuchukua mkopo wa ada kwa mdomo tu, aje na mwenzake; karatasi zipo kwa katibu.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.